Nani Alimfufua Kasereka

Kambere Phinées ni mtu mzuri, na nalisema hilo mapema ili mtu asije kunilaumu baadaye. Tumefanya kazi meza kwa meza katika chumba kimoja huku Kimemi, Butembo, juu ya duka linalouza majembe, kufuli na sufuria, na katika muda huo wote hajaniibia hata chaja. Lakini wema wa mtu ni jambo moja, na kusoma alichoandika ni jambo lingine. Kwa muda mrefu programu za Phinées zilisomeka kama cheti cha daktari aliyeandika akiwa juu ya pikipiki. Nilimwambia hivyo usoni kwake, akacheka, akaendelea.

Tuko wanne. Solange ndiye mkubwa wetu, mama wa Kikatoliki ambaye hapandishi sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Timothée ni mtoto wa mchungaji, mpole hadi anakera, mtu wa kuomba samahani kwa kiti alichokigonga. Mimi ni Agar, na anayesema nina ulimi mkali hajakutana na mama yangu. Wa nne ni Phinées. Kazi yetu ni kuandika programu za kompyuta, na mteja anayetulisha ni dépôt moja, ghala la dawa. Programu yetu ndiyo inayoamua katoni ipi ipande gari lipi, ishuke kwenye kituo kipi cha afya, kuanzia Lubero upande huu mpaka Kalunguta na Beni upande ule. Programu ikikosea, kuna mahali muuguzi anafungua kabati na kukuta hewa.

Phinées anatoka Kipese, kule juu kwenye baridi na viazi. Alijifunza kazi hii kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiichaji kwa jirani mwenye panneau, paneli ya umeme wa jua, na jirani huyo alikuwa akiichomoa kila mechi ikianza. Kioo kidogo humfundisha mtu ubahili. Phinées hakuacha nafasi kati ya neno na neno, hakuruka mstari, na mabano yote ya kufungia aliyarundika mwishoni mwa mstari wa mwisho. Alipofika mjini akapewa kompyuta yenye kioo kipana, ubahili haukumtoka. Aliandika kwa kujibana kwenye ukingo wa kushoto, na huku kulia akaacha uwanja mtupu ambao ungetosha kuchezea mpira.

Hayo tungeyameza. Majina ndiyo yaliyotukwama kooni.

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, na kuendelea hadi mama achoke. Ukisikia jina la mtu unajua nafasi yake nyumbani kwao kabla hujajua sura yake. Sasa Phinées aliona kwamba mpango uliowatosha mababu utaitosha na kompyuta. Kila kipande cha programu alichokiandika alikipa jina kwa zamu. Cha kwanza kiliitwa Paluku, kilichofuata Kambere, na ikitokea kipande cha kazi tofauti kimeingia katikati ya wenzake, alikiita Muhindo, kama tunavyomwita mvulana anayekuja baada ya dada watupu. Alijiona amevumbua kitu ambacho Wazungu walikikosa.

Kasoro iko wazi hata kwa mlevi. Jina Kambere linakwambia nani alizaliwa wa pili, halikwambii anafanya kazi gani. Butembo imejaa akina Kambere. Mmoja anauza kahawa, mwingine ni padri, mwingine anadai kuwa fundi wa televisheni na ameua mbili za kwetu. Ukimtafuta padri kwa kuuliza Kambere tu, unaweza kupelekwa kwa muuaji wa televisheni. Tulimweleza Phinées hayo na akatujibu kwamba yeye anawajua wote.

Na kweli aliwajua. Hapo ndipo penye ugonjwa wake, na niseme tangu sasa kwamba ugonjwa huo nilimwonea huruma hata siku nilizotamani kumsukuma ngazini. Phinées ni Kambere asiye na Paluku. Kaka yake alikufa kabla hajatembea, na kwetu jina halipandi cheo: ukizaliwa wa pili unabaki wa pili hata kama mbele yako hakuna mtu. Mama yake kila akimtazama alikuwa akimtafuta na yule mwingine. Mtoto wa namna hiyo akikua hutafuta mahali ambapo bila yeye mambo hayaendi, na Phinées alipapata kwetu. Simu ikilia kwamba programu imekwama na hakuna anayeielewa, uso wake uling'aa kama wa bwana harusi. Alikuwa anaacha ugali mezani, anakuja mbio, anarekebisha, nasi kwa ujinga wetu tunamshukuru.

Jemima alimpata kwa simu ya namna hiyo hiyo. Yeye ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha Kalunguta, ingawa wazazi wake wanakaa Beni mjini. Siku moja programu ilimtumia katoni za bomba za sindano bila sindano zenyewe. Akapiga simu ofisini, akamgomba Phinées kwa Kifaransa chenye adabu, kisha kwa Kiswahili kisicho na adabu hata chembe. Phinées aliweka simu chini akiwa amependa. Wiki hiyo hiyo alipanda gari la dépôt kwenda kuomba msamaha ana kwa ana, na aliporudi alikuwa anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani kwa mwendo wa rumba.

Baada ya hapo alikuwa anaahidi kwenda Beni na haendi. Mara programu imekwama, mara Solange ameuliza swali ambalo ni yeye tu anayejua jibu. Alikosa ubatizo wa mtoto wa dada yake Jemima. Alikosa matanga ya bibi yake Jemima, na matanga kwetu si kitu cha kukosa kwa sababu ya kompyuta. Jemima alimeza, mtoto wa watu, kwa kuwa alimpenda. Mimi nisingemeza.

Hatimaye ikapangwa siku ya kupeleka mbuzi wa mahari. Barabara ilikuwa imetulia, kwa hiyo Phinées akaondoka na baba yake mdogo, mzee Sikuli, na mashangazi, na mbuzi wamefungwa nyuma ya gari. Askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, waliwauliza kwa Kilingala kama mbuzi ndio wanaooa au wanaolewa. Walicheka, wakapita. Kabla ya kuondoka Phinées alikuwa amemwapia Jemima kwamba simu yake itazimwa tangu wageni wakae hadi mahari ipokelewe. Katika kikao cha namna ile bwana harusi hasemi neno. Anakaa, anatazama mikono yake, na anayesema ni baba mdogo. Ni kazi rahisi kuliko zote alizowahi kupewa.

Huku Butembo, asubuhi hiyo hiyo, dépôt ilituomba tuongeze kituo kipya cha afya kwenye programu. Solange akampa Timothée. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilikuwa ndani ya faili la Phinées. Timothée akafungua, akaanza kusoma majina akishuka. Paluku yupo. Kambere yupo. Kakule yupo, na Katembo. Akarudi juu, akashuka tena. Kasereka hayupo.

Mtu wa kutoka kwingine asingeona kitu. Mnande yeyote angeona. Ukiingia kwenye nyumba ya watu ukakuta Kambere na Kakule bila Kasereka, unajua kuna kaburi mahali, na huulizi. Unakunywa chai yako unanyamaza. Timothée, kwa malezi mema ya baba yake, hakutuuliza. Alihitimisha kimoyomoyo kwamba Kasereka alifutwa kwa bahati mbaya, labda umeme ulikatika Phinées akiwa anaandika, na akaona vibaya kuiacha familia ya mwenzake na pengo siku ya furaha yake. Akaenda kwenye nakala za zamani tunazozihifadhi, akamkuta Kasereka amelala pale mzima, akamrudisha katikati ya ndugu zake. Kisha akaongeza kile kituo kipya, akaomba baraka, akawasha.

Kasereka hakuwa amefutwa kwa bahati mbaya. Phinées alimwandika zamani, kipindi ambacho njia ya Beni ilifungwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia katoni zote za upande wa Beni na Kalunguta zibaki Butembo. Njia ilipofunguka Phinées alimwondoa kwa mkono wake mwenyewe, hakumwambia mtu, na hakugusa majina ya waliobaki, kwa sababu kwetu mtoto akifa wadogo zake hawabadilishiwi majina. Kwa hiyo Timothée alipomfufua, Kasereka aliamka na kushika kazi yake ya zamani kwa bidii. Gari la dépôt likapakia mizigo ya Lubero peke yake, na katoni za Kalunguta na Beni zikabaki zimekaa sakafuni.

Simu zikaanza. Mkuu wa dépôt alipiga, kisha kituo cha Kalunguta, ambako muuguzi aliyemshikia Jemima zamu alikuwa na mama wawili katika uchungu na glovu za kuombaomba. Tukaingia kwenye programu watatu sote. Tukamshuku yule mgeni, kituo kipya, tukamtoa. Haikusaidia. Tukamshuku Muhindo, tukagundua kuna Muhindo wawili. Hakuna hata mmoja wetu aliyemshuku Kasereka, maana Timothée alishaapa kwamba huyo alirudishwa tu kujaza nafasi yake. Unamshuku vipi marehemu? Mimi nilikuwa natukana kwa Kinande, lugha inayofaa zaidi kwa kazi hiyo. Mwishoni Solange akasema apigiwe Phinées. Nilimkumbusha kuwa yuko kwenye mahari. Alisema anajua, na uso wake ulionyesha kwamba anajua.

Simu haikuwa imezimwa. Phinées aliiweka mfukoni ikitetemeka tu, kama wafanyavyo wanaume wanaotaka kutimiza ahadi bila kuitimiza. Mzee Sikuli alinisimulia baadaye kwa uchungu. Anasema alikuwa katikati ya maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasema, kuhusu njia mbili za maji zinazokutana, na baba yake Jemima alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Hapo bwana harusi akainuka. Akapita mbele ya wazee wote na simu sikioni, na akiwa bado mlangoni, aliposikia tu kwamba katoni za upande wa Beni zimebaki Butembo, akasikika akiuliza:

"Ni nani njo alifufua Kasereka?"

Shangazi mmoja akapiga ishara ya msalaba ilhali nyumba yenyewe ni ya Kiprotestanti. Phinées hakugeuka. Alisimama nje kando ya mbuzi, akimwelekeza Timothée kwa simu. Mimi nilikuwa namsikia upande wetu: aingie kwa Kakule, ashuke chini, ataona Muhindo, hapana ule wa kwanza, ule mwingine, atoe mstari unaomwita Kasereka lakini asimguse Katembo hata kidogo. Mtandao ukakatika, akapanda juu ya jiwe, akaanza upya. Alikaa huko hadi chakula cha wageni kikapoa. Programu ilipona, na aliporudi ndani akitabasamu kwa ushindi, mzee Sikuli alikuwa ameshavaa kofia yake.

Baba yake Jemima hakugomba. Alisema tu kwamba amewaona wageni, amewasikia, na mbuzi ni wazuri, warudi nao salama. Sijui aibu inayopita ile ya kurudi na mbuzi wako mwenyewe. Kwenye barrière askari walikuwa wale wale, na waliuliza swali lile lile, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jemima aliwafuata hadi kwenye gari. Phinées alijaribu kumwambia kwamba ilikuwa kwa ajili ya katoni zake yeye, za kituo chake. Jemima alimwacha amalize.

"Kuko miaka miye nakuwa wa pili, nyuma ya ile machine," alimwambia. "Miye siolewe na mutu mwenye kazi yake inajulikana na yeye peke yake. Siku nitaona mwingine anatengeneza kitu yako, na weye umekaa, hapana shika kitu, hapana sema kitu, siku ile mulete tena mbuzi."

Phinées alitueleza hayo Jumatatu huku akitazama meza. Alikuwa amekonda kwa siku mbili, jambo ambalo sikudhani linawezekana kwa mla viazi. Nilikuwa nimetayarisha dhihaka nzuri za wiki nzima, nikazimeza zote, na zilinikaa tumboni. Solange alituita tukae. Alisema kuanzia leo tutaandika wote namna moja, na hakuna atakayetoka chumbani hadi tukubaliane ni namna ipi.

Ugomvi uliofuata ningependa usahaulike. Timothée husogeza mstari ndani kwa kubofya kitufe kikubwa cha pembeni mara moja. Solange hubofya kile kirefu cha chini mara kadhaa. Ukiangalia kiooni unaona kitu kile kile, lakini wakigusa faili moja mistari yote inayumba kama watu wa harusi ya tatu usiku, na kompyuta inaripoti kwamba kila kitu kimebadilika wakati hakuna kilichobadilika. Tulipiga domo juu ya kitufe hicho hadi muuza majembe akapanda juu kuuliza kama kuna msiba. Kisha lugha ya majina. Timothée alitaka Kifaransa kwa kuwa ndicho cha shule. Nikamwambia Kifaransa chake kinaumwa. Mimi nilitaka Kinande. Solange akauliza na kijana wa dépôt anayetoka Kisangani, siku akihitaji kuifungua programu, atasoma na nini. Tukaangukia Kiswahili, kwa sababu ni cha wote na hakuna mwenye kujivunia kwamba ni chake.

Phinées ndiye aliyekuwa sikio la kufa. Pamoja na yote yaliyompata, alipinga. Alisema mwandiko ni mkono wa mtu, na ukimnyang'anya mtu mkono wake unamfanya mtoto wa shule ya primaire mwenye sare. Alisema kompyuta yenyewe haijali, inaendesha mistari iliyobanwa sawasawa na ile iliyopanuliwa. Hilo la mwisho ni kweli, na lilinikera kwa kuwa ni kweli.

Solange alimjibu bila haraka. Yeye ni binti wa mfanyabiashara wa viazi, na alijua anazungumza na nani.

"Mifuko ya viazi inafungwaka namna moja kutoka Kipese mpaka hapa soko. Juu ya nini? Juu mwenye anafungua hapana njo mwenye alifunga. Machine haina shida na fundo yako, Phinées. Siye njo tuko na shida."

Phinées aliacha kupinga. Alikuwa amebeba mifuko hiyo utoto wake wote, na alijua kinachompata mtu anayefunga fundo lake la pekee: mfuko unachanwa kwa kisu sokoni, na viazi vinaviringika barabarani.

Tukakubaliana machache tu. Nafasi mwanzoni mwa mstari iwe moja kwa wote, na kompyuta yenyewe ipange mistari kabla ya kuihifadhi ili tusigombane tena. Mabano ya kufungia yakae kwenye mstari wake. Jina liseme kazi, si zamu. Kisichotumika kifutwe, na anayekifuta aseme kwa nini. Maelezo ya pembeni yawe ya kueleza, na hapo Solange alinitazama mimi, kwa sababu katika maelezo yangu kulikuwa na maoni kadhaa kuhusu mkuu wa dépôt na ukoo wake. Niliyafuta kwa huzuni. Yalikuwa maandishi yangu bora.

Phinées akaanza kuibadilisha familia yake. Alifanya mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie, na kwa majuma kadhaa ofisi ilikuwa na hali ya matanga. Paluku akawa pokea_maombi. Kambere akawa chagua_gari. Alipofika pengo la Kasereka aliandika kipande kipya cha kutumika njia ikifungwa kwelikweli, akakiita barabara_ikifungwa, mbele ya macho ya watu. Alikuwa akiandika amekunja uso kama anayenyolewa bila sabuni. Lakini siku zilivyopita nikagundua kitu. Nilifungua faili lake kutafuta kosa, nikalipata kabla chai haijapoa, na sikumtukana mtu. Nilihisi kama nimepokonywa mchezo.

Jemima alikuja Butembo mwisho wa mwezi kufuatilia dawa za kituo chake. Akapanda ngazi zetu akiwa na shida ya kweli. Juma lililopita daraja dogo lilikatika njiani, gari likashindwa kufika, na katoni zake zikarudishwa Butembo safari nzima. Alitaka gari likishindwa kufika kwake, katoni zishushwe kituo cha jirani, naye atume pikipiki. Phinées aliinuka mara moja kwenda kwenye kompyuta. Jemima akavuta kiti, akakiweka mbali na meza, akamwonyesha kwa kidole akae.

Phinées akakaa. Mikono akaiweka chini ya mapaja.

Solange akampa Timothée. Masikini Timothée alifumba macho akaomba kwanza, maana mara ya mwisho alipogusa faili hilo alivunja mahari ya watu. Alifungua, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Pokea maombi. Chagua gari. Barabara ikifungwa. Jemima alikuwa amesimama nyuma yake, akasema hata yeye anaelewa hapo. Timothée akaingia ndani ya kipande hicho, akaona mahali panapoamuliwa katoni zirudi, akaongeza mistari michache, akaijaribu. Ilikosea. Phinées akafungua mdomo, na Jemima, bila kugeuka, akainua kidole. Mdomo ukafungwa. Timothée alisoma tena, akaona mwenyewe kwamba ameweka sharti kabla ya mahali pake, akalishusha. Akajaribu mara ya pili, na safari hii katoni za Kalunguta zikashuka kwa jirani kama zilivyoambiwa.

Nilimgeukia Phinées nimpe pole ya kejeli, nikakuta machozi yanamtoka. Alikuwa anaangalia kioo cha Timothée. Mistari ilikuwa imepangika, yake na ya Timothée na ile niliyorekebisha mimi juzi, na huwezi kusema ipi ni ya nani. Alikuwa anautafuta mkono wake pale na hauoni. Mimi si mtu wa kulia, lakini nilijifanya natafuta chaja chini ya meza.

"Basi miye niko wa nini sasa?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa.

Jemima alimgeukia. Nadhani ndipo alipoona kwamba hakuwa akigombana na kompyuta miaka yote hiyo, bali na hofu ya Phinées ya kutohitajika.

"Uko wa kuja na miye Beni kesho," alisema. "Na mbuzi. Baba anakungojea weye, hapana programu."

Phinées akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akachukua koti lake, akaenda mlangoni, akageuka kumuuliza Timothée kama kweli hakuna kingine, kama asingependa waangalie pamoja kile kipande cha kuchagua gari kabla hajaondoka, kwa usalama tu. Timothée alikuwa tayari ameshafungua kazi nyingine. Alijibu bila kuinua kichwa, akimwita yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba samahani.

"Hapana, yaya. Enda tu."

Jemima alishatangulia kushuka. Phinées alisimama pale mlangoni kidogo na koti lake mkononi, akingoja aitwe. Hakuna aliyemwita, akashuka.